Mbona ghali hivyo? Maswali yenu kuhusu magari ya kuundwa kwa mikono

Tangu nilipoitaja Morgan Plus Four, gari la Kiingereza linaloundwa kwa mikono, kwenye safu hii, karibu kila ujumbe unaoingia unalalamikia bei. Nimechagua maswali saba. Walioulizia jambo moja kwa maneno tofauti nimewaunganisha.

Swali: Viti viwili, umbo la enzi za babu, paa la turubai, halafu zaidi ya pauni 60,000! Hizo pesa zinaishia wapi?

Tuanze na kodi. VAT ya Uingereza, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 20, kwa hiyo mnunuzi wa huko akilipa pauni 60,000, pauni 10,000 zinakwenda serikalini. Muuzaji naye ana fungu lake. Kuna injini, giaboksi, matairi na taa, vitu ambavyo kampuni ndogo haivipati kwa bei ya anayeagiza kwa maelfu. Baada ya hapo zinabaki saa za watu, na hizo ndizo zinazokula.

Tazama upinde wa mbao ulio juu ya gurudumu la nyuma. Huko Malvern, Uingereza, kwenye kiwanda cha Morgan, seremala anachukua vipande vitatu vyembamba vya mti wa Ulaya uitwao ash, anavipaka gundi, anavibebanisha, kisha anavikunja ndani ya kalibu na kukaza vibanio kimoja baada ya kingine. Halafu anasubiri, maana gundi haina habari na ratiba ya meneja. Vikishatoka vinapigwa msasa na kuungwa na fremu. Mlango unapimwa kwenye fremu hiyo hiyo, unatolewa, unapunguzwa kidogo, unarudishwa, unatolewa tena. Boneti nayo hukatwa na kukunjwa ifuate gari lake, na yale matundu ya hewa ya ubavuni kwa desturi hupigwa moja moja kwa mashine ya mkono. Ndiyo maana boneti ya Morgan moja mara nyingi haikai sawasawa kwenye nyingine ya aina ile ile.

Tena kuna suala la mgawanyo. Mazda MX-5, nayo ya viti viwili na paa la kukunja, ilianza mwaka 1989 na kufikia 2016 ilikuwa imevuka magari milioni moja. Morgan hutoa mamia tu kwa mwaka. Tuseme, kwa mfano tu, kutengeneza toleo jipya pamoja na vipimo vya usalama na moshi kumekula pauni milioni 10. Ukizigawa kwa magari milioni moja, kila mnunuzi anabeba pauni 10. Ukizigawa kwa magari 7,000 ya Morgan, kila mmoja anabeba zaidi ya 1,400 kabla ubao wa kwanza haujakatwa.

Ila nisieleweke vibaya. Hayo yote yanaeleza bei ilikotoka. Kama bei hiyo inakufaa wewe, hesabu hizi hazijui.

Swali: Injini yenyewe ni ya BMW. Sasa ufundi wa mikono uko wapi?

Uko kwenye bodi, na ushukuru haujaingia kwenye injini. Karakana ndogo ikijitengenezea injini inayokidhi sheria za moshi za leo, bei ingekutoa machozi. Morgan wamezoea kununua injini kwa wengine: Plus 8 ya mwaka 1968 ilitumia V8 (silinda nane) ya Rover, na nyingine nyingi zilitumia za Ford. Plus Four iliyotoka 2020 ina lita 2.0 yenye tabo katika gari la kilo elfu moja hivi, na inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi. Wengi hawaitarajii kasi hiyo wakiziona zile taa za mviringo. Na siku injini ikisumbua, utapata fundi anayeifahamu na spea zake.

Swali: Ni kweli chesisi yake ni ya mbao?

Hapana. Mbao ni mifupa ya bodi, ile inayoshikilia mabati. Chesisi, ule msingi wa chini unaobeba gari zima, ilikuwa ya chuma, ya mtindo ulioanza na Morgan 4/4 ya mwaka 1936, hadi ilipostaafishwa 2020. Za sasa ni za alumini iliyounganishwa kwa gundi maalumu.

Swali: Kama wateja wapo, kwa nini wasiongeze uzalishaji bei ishuke?

Wameshashauriwa hivyo, tena mbele ya kamera. Mwaka 1990 BBC ilimpeleka Sir John Harvey-Jones, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa ICI, kampuni kubwa ya kemikali ya Uingereza, akakague kiwanda. Aliona magari yakisukumwa kwa mikono kutoka banda moja hadi jingine, na wateja wakisubiri kwa miaka. Akawaambia waongeze uzalishaji. Wapandishe na bei. Familia ya Morgan ilikataa ushauri huo, na watazamaji wengi wakawa upande wa familia. Kipindi kikageuka kuwa tangazo la bure.

Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa na hoja. Mzee yule aliona upotevu wa kweli, kwa sababu kusukuma gari uani hakuliongezei ubora wowote. Lakini ukiweka roboti na mashine za kufyatua mabati ili ubane gharama, lazima uuze maelfu kwa maelfu kuzilipia hizo mashine, na hapo unakuwa unashindana na MX-5. Mshindi wa shindano hilo anajulikana.

Swali: Nikilinunua leo, litapanda thamani?

Usilinunue kwa ajili hiyo. Zamani foleni ndefu ya kusubiri ilishikilia bei za yaliyotumika, kwa kuwa mtu asiyetaka kungoja alikuwa tayari kulipa. Foleni ikipungua, nguzo hiyo inaondoka. Weka na bima, mahali pakavu pa kulilaza, na matunzo ya kila mwaka. Muuzaji akianza kukuhubiria uwekezaji kabla hajakufungulia mlango, muulize kwa nini yeye anauza.

Swali: Nimwelezeje mke wangu?

Usimwambie linatumia mafuta kidogo. Usimwambie ni urithi wa watoto. Anakufahamu. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na hilo analijua kuliko mimi. Mwambie unalitaka, mwonyeshe pesa zinatoka wapi, na mwonyeshe kwamba ada za shule na deni la nyumba haviguswi. Kama huwezi kumwonyesha hayo, basi hukuwa na hoja hata kabla ya kufungua mdomo. Halafu mpeleke akakae ndani kwanza, mlango ufungwe, ajionee nafasi ya mizigo ilivyo. Ni heri acheke kabla hujalipa.

Swali: Je, kuna njia ya bei nafuu ya kupata raha hiyo?

Zipo mbili. Ya kwanza ni kutumia mikono yako. Caterham, kampuni nyingine ndogo ya Uingereza, walichukua Lotus Seven, gari la mwaka 1957, wakaanza kuliunda wao 1973, na Uingereza bado unaweza kuuziwa vipande ukaviunganisha mwenyewe. Zamani hata kodi ya mauzo ilikwepeka kwa njia hiyo, mpaka VAT ilipoingia 1973. Utaokoa ujira wa fundi, lakini wikendi zako zitakwenda.

Ya pili ni kununua lililotumika. Kwa Morgan ya chesisi ya chuma, nenda na tochi na usiogope kuchafuka. Fungua mlango, ushike kwa chini, uinue taratibu. Ukicheza kwenye bawaba tu, hilo ni jambo dogo. Nguzo inayoshika mlango nayo ikisogea, mbao iliyo ndani imeoza, na kuibadilisha ni kufumua bodi. Bonyeza kwa kidole gumba mbao za chini ya milango, maji hukaa hapo. Inua gurudumu la mbele ulitikise juu na chini: likilegalega, kingipini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zimelika kwa kukosa grisi. Miaka ya 1980 walianza kuzitumbukiza mbao kwenye dawa ya kuzuia kuoza, kwa hiyo kama liliundwa kabla ya hapo, omba picha za fremu likiwa limevuliwa bodi. Mwenye nalo akikosa picha, punguza bei unayotaka kutoa au ondoka.