Maswali yenu ya ndege: mbona rubani hapandi juu moja kwa moja?

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu kimo cha ndege. Mbili zilizouliza tena kama ndege ina honi nimeziweka kando.

Kama hewa ya juu ni nyepesi na mafuta yanaliwa kidogo, mbona ndege ya safari ndefu haipandi futi 41,000 ikishaondoka tu? (Msomaji, Pasiansi)

Hili nimeulizwa hadi basi. Nalijibu lote leo ili nipumzike.

Haipandi kwa sababu haiwezi. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri uangalie mtumbwi wa dagaa unaoingia kutoka visiwani: umejaa mpaka maji yanalamba ukingo. Magunia yakishateremshwa, mtumbwi uleule unaelea kama kifuu cha nazi. Ndege nayo ni hivyohivyo, ila yenyewe hushusha mzigo ikiwa njiani, na mzigo huo ni mafuta. Boeing 787-8 inaruhusiwa kuruka na uzito wa tani 228 hivi; matangi yakijaa, mafuta peke yake ni kama tani 100. Ukilipeleka dude hilo mapema kwenye hewa nyepesi, litalazimika kuinua pua zaidi ili mabawa yalibebe, upinzani wa hewa utaongezeka, na injini zitakula yale mafuta uliyotaka kuyaokoa. Tena nafasi iliyopo kati ya mwendo mdogo unaoiangusha ndege na mwendo mkubwa unaoitikisa inabaki finyu.

Ndiyo maana mpangaji safari anaanzia futi 33,000 au 35,000. Saa chache baadaye, mafuta yakipungua, ndege inapanda 2,000, kisha 2,000 tena. Hiyo 41,000 utaiona karibu na mwisho, kama waongoza ndege watakubali.

Sikuulizwa, lakini naongeza: msiwashangilie wanaotaka matangi yajazwe pomoni "kwa usalama". Akiba ipo kisheria na inahesabiwa. Zaidi ya hapo, karibu asilimia 3 ya kila tani ya ziada huliwa kila saa kwa kazi ya kuibeba tu. Safari ya saa 10, robo imekwenda bila kumfaa mtu, na ndege imechelewa kupanda.

Kwenda Dar tuliambiwa futi 37,000, kurudi Mwanza 36,000. Ndege ilikuwa na hitilafu? (Nyegezi)

Hapana. Wanaoelekea mashariki hupewa elfu zisizogawanyika kwa mbili, wanaoelekea magharibi zinazogawanyika, ili msikutane uso kwa uso.

Ndege kubwa zikivuka ziwa usiku hupita juu ya mawingu ya radi? (Sengerema)

Anayekwambia hivyo hajawahi kulala Ukerewe. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo wa pande zote unakimbilia katikati ya ziwa na kupanda juu. Radi za huko vilele vyake vinaweza kuvuka futi 50,000, na 787 mwisho wake ni 43,000. Zinazungukwa, na kwa mbali. Mpangaji mzuri anaweka mafuta ya kuzunguka tangu mezani.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: kwetu huku karibu na ikweta, hewa ya futi 37,000 mara nyingi ina joto kuliko kipimo cha kawaida, hata kwa nyuzi 10. Injini zinapungukiwa nguvu, na kimo unachoweza kufika kinashuka. Jedwali lililokufaa Ulaya lisome upya hapa.

Kimo bora kikipatikana, kazi imekwisha? (Bukoba)

Bado upepo. Kutoka China kurudi Dar wakati wa baridi yao, upepo wa juu wa kaskazini mwa India unaweza kukupiga usoni kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hapo futi 4,000 chini yenye upepo mdogo inaweza kukufikisha na mafuta mengi zaidi.

Nikificha kilo 5 za dagaa kwenye mkoba wa mkononi, rubani atajua? (Igoma)

Rubani hatajua, na hilo ndilo tatizo. Nilipokuwa nikipanga mizigo ya ndege ndogo, alikuja bwana mmoja kavaa makoti matatu, jua la saa saba. Tulipompandisha kwenye mizani, mifuko yote ilikuwa na kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Tulicheka, kisha tukarudia hesabu ya uzito mwanzo hadi mwisho, abiria wengine wakiungua juani. Lipia dagaa wako.