Daktari wa picha anajibu: Kompyuta imempa baba alama 84

SWALI: Jambo, Dokta. Baba yangu ana miaka 67, alichimba shaba chini ya ardhi miaka 24. Anakohoa tangu mwezi wa tatu. Alipopigwa radio ya kifua (picha ya eksirei), kompyuta ilimpa alama 84 kwa 100 za kifua kikuu. Daktari wa pale anasema ni vumbi la mgodi tu. Tumwamini nani?
Binti wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Jambo, mama. Hiyo 84 si asilimia ya uwezekano kwamba baba anaumwa. Ni alama ya shaka: kituo huweka kiwango, na anayekivuka hupelekwa kupimwa makohozi. Shirika la Afya Duniani lilipozikubali programu hizi za kompyuta zinazosoma picha za kifua mwaka 2021, kwa wenye miaka 15 kwenda juu, lilizikubali kwa kazi hiyo ya kuchuja.

Mapafu ya mchimbaji huisumbua programu. Vumbi la mawe huacha makovu sehemu ya juu ya mapafu, na TB hupenda hapo hapo. TB ya zamani iliyopona nayo huacha alama. Kompyuta haijui baba alishinda wapi miaka 24! Lakini daktari wenu asikimbilie kusema "vumbi tu", maana vumbi hilo hilo huifungulia TB mlango. Baba anaweza kuwa na vyote viwili. Aombewe kipimo cha makohozi cha GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB. Mashine yenyewe haimalizi saa mbili.

Watu huniuliza kama naogopa kunyang'anywa kazi. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, bingwa wa akili bandia, alisema tusifundishe tena wasomaji wa picha, kwamba miaka mitano ingetosha kompyuta kutushinda. Mitano imepita, na benchi la mlangoni kwangu bado limejaa.

Ninachoogopa ni shingo yangu mwenyewe kuitikia kompyuta. Usiku mmoja programu iliandika 6 kwa 100 juu ya kijana aliyeanguka na pikipiki. Nilikuwa nimechoka, nikaandika "kifua kizuri". Asubuhi mwenzangu akanionyesha mbavu mbili zimevunjika. Programu haikukosea, iliulizwa TB ikajibu TB. Mbavu zilikuwa kazi yangu. Tangu siku ile naisoma picha kwanza, alama naifungua baadaye.

Mwende na zile radio za zamani za baba, hata zilizokunjamana. Kovu ambalo halijabadilika tangu picha ya miaka kumi iliyopita linatuambia mengi kuliko 84.