Kabla ya Kufunga Safari ya Oman, Soma Kwanza Hesabu ya Watu

Anayepanga kuja Oman kutafuta riziki, au aliyekwisha kufika na sasa anafikiria kuita familia au kufungua duka, namshauri aangalie idadi ya wakazi wa nchi hii kabla ya kuuliza mshahara. Kituo cha Taifa cha Takwimu na Habari hutoa hesabu hizo kila mwezi, wenyeji safu yao na wageni safu yao, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Nimeishi Maskati tangu mwaka 2012 nikifanya uhasibu katika biashara ya vifaa vya ujenzi, na sijaona kipimo kinachotabiri hali ya ajira ya mgeni kwa uaminifu kuliko safu hizo mbili.

Sensa ya kwanza ya Oman, ya mwaka 1993, ilihesabu watu takriban milioni 2, na wageni walikuwa zaidi kidogo ya robo. Mwaka 2003 wakazi walifika milioni 2.34, lakini sehemu ya wageni ilishuka hadi asilimia 24. Mwaka 2010 walikuwa milioni 2.77, wageni wakiwa asilimia 29, na sensa ya mwaka 2020 ikatoa jumla ya milioni 4.47: Waomani milioni 2.73 na wageni milioni 1.74, yaani asilimia 39. Baadaye jumla hiyo ilivuka milioni 5, na wageni wakarudi kuwa zaidi ya watu wanne katika kila kumi.

Msomaji wa haraka ataona hapo ngazi inayopanda. Kasoro ya kusoma sensa peke yake ni kwamba haionyeshi yaliyopita katikati. Kufikia mwaka 2017 wageni walikuwa wamekaribia nusu ya wakazi wote, na sensa ya 2020 ilifanyika Desemba, wakati maelfu kwa maelfu walikuwa wamekwishaondoka kwa sababu ya Korona na wengine wakiendelea kuondoka kwa msamaha wa faini uliotangazwa Novemba mwaka huohuo. Kwa hiyo ile asilimia 39 haikuwa kituo cha safari ya kupanda. Ilikuwa bonde kati ya vilima viwili.

Safu ya Waomani haina mabonde ya namna hiyo, kwa sababu huongezwa na uzazi. Mtoto wa baba Mwomani ni Mwomani popote alipozaliwa, ilhali mtoto wa mgeni aliyezaliwa katika hospitali ya Maskati hubaki kuwa mgeni. Uraia wa kuomba ni mgumu: sheria ya mwaka 2025 inataka, pamoja na masharti mengine, ukaazi wa miaka 15. Safu ya wageni, kwa upande wake, husogezwa na bei ya mafuta na maamuzi ya serikali. Bei ilipoporomoka mwaka 2014 miradi haikusimama siku ileile, kwa kuwa mikataba ilikuwa imesainiwa. Athari ilionekana miradi ilipokwisha na mingine isianze. Kisha Januari 2018 serikali ikasitisha viza mpya kwa kazi 87, zikiwamo za uhasibu, mauzo, utawala, bima na teknolojia ya habari, na muda wa zuio hilo ukaongezwa baada ya hapo.

Nilianza kuzifuata hesabu hizi kwa sababu ya deni. Wateja wetu wakubwa walikuwa makandarasi wanaochukua saruji, nondo na vigae kwa mkopo, na niligundua kwamba idadi ya vibarua wa kigeni katika ujenzi ilipoanza kupungua, hundi za makandarasi nazo zilianza kuchelewa miezi michache baadaye. Tangu hapo nikawa nikiweka jedwali la mwezi kando ya daftari la wadaiwa, na tajiri wangu, ambaye mwanzoni aliniona msumbufu, akakubali kufupisha muda wa mkopo kwa makampuni yanayotegemea mradi mmoja. Nawashauri hata vibarua wenyewe wafanye vivyo hivyo, kwa sababu kampuni isiyolipwa na mwenye mradi humchelewesha kwanza mfanyakazi wake.

Hata hivyo, jumla ya wageni peke yake haitoshi kumwonyesha mtu nafasi yake mwenyewe; aangalie na fani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke wa Oman alizaa kwa wastani watoto wanane hivi, na ingawa wastani huo umeshuka sana, watoto na wajukuu wa kizazi kile ndio wanaotoka vyuoni leo wakitafuta kazi za ofisini. Mpango wa kuwaajiri wenyeji mahali pa wageni ulianza mwaka 1988 na haujawahi kuachwa. Kwa hiyo kijana wa Dodoma mwenye stashahada ya uhasibu au utumishi anashindana na kijana wa hapa anayezungumza Kiarabu na anayebebwa na sera. Aulize kama viza ya kazi hiyo imefunguliwa, na wakala akimwambia apitie viza ya kazi nyingine halafu mambo yatarekebishwa akifika, akatae.

Kwa dada zetu wa kazi za ndani mambo ni tofauti. Mahitaji yao hutegemea familia za Waomani, ambazo zinaongezeka, na kwa hiyo hayaporomoki kwa kasi ile ya ujenzi. Uthabiti huo una bei yake, maana sheria ya kazi ya mwaka 2023 haiwahusu wafanyakazi wa majumbani. Dada asipande ndege bila mkataba wa maandishi anaouelewa na uliopitia mikononi mwa mamlaka za nchi yake.

Wenye mawazo ya biashara ndio ninaobishana nao zaidi. Huona wingi wa wageni katika wilaya za Maskati, hasa Muttrah na Bawshar, wakadhani kila mgeni ni mteja wa duka la nguo za watoto. Wageni walio wengi ni wanaume wanaoishi bila familia, kutoka India, Bangladesh na Pakistan, kwa kuwa viza ya familia inadai kiwango fulani cha mshahara, na kiwango hicho kimebadilishwa zaidi ya mara moja. Tena mteja wa urojo, mandazi na mbaazi za nazi hayumo katika safu ya wageni hata kidogo. Yumo katika safu ya wenyeji: ni Mwomani ambaye wazee wake walirudi kutoka Unguja, Pemba au Mombasa, wengi baada ya mwaka 1970, na nyumbani kwake Kiswahili hakijatoka. Mteja huyo haondoki bei ya mafuta ikishuka. Namjua mama mmoja wa Seeb aliyepita mwaka 2020 bila kufunga jiko lake, huku mikahawa ya vibarua iliyomzunguka ikifungwa.

Jambo jingine ni ushauri unaoletwa na jamaa walioko Dubai au Doha, kwamba Kiarabu si lazima. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu na Qatar, raia ni takriban mmoja katika kila wakazi kumi, na mtu anaweza kukaa miaka bila Kiarabu. Kwa uwiano wa raia na wageni, Oman iko karibu zaidi na Saudia, ambako sensa ya mwaka 2022 ilikuta wageni asilimia 42. Hapa dereva wa teksi ni Mwomani, na askari na karani wa benki vilevile. Kiarabu cha kujieleza ni sehemu ya mtaji.

Anayeanza kusoma majedwali atosheke na lile la wafanyakazi wa kigeni kwa fani na kwa mkoa, na alinganishe mwezi alionao na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia, si na mwezi uliopita. Mabadiliko ya mwezi mmoja ni madogo mno kumwonyesha mtu njia, na ya mwaka mzima ndiyo yanayofaa kuwekwa mezani kabla ya kusaini mkataba wa fremu au wa kazi.