Maswali na majibu: Git haifundishwi kwa kukaririsha amri

Safari hii nimechagua maswali ya wanaojifunza Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili zako, na ya wanaowafundisha. Walioniandikia "naomba amri ya kurekebisha" bila kusema kimeharibika nini, nimewapita.

Nina wanafunzi 40 na intaneti ya kubahatisha. Somo la kwanza la Git nilianzie wapi? (Mwalimu wa chuo, Morogoro)

Mwalimu, anza intaneti ikiwa imezimwa kabisa. Somo la kwanza halili hata kilobaiti moja ya bando. Wanaoanza kwa kufungulisha darasa zima akaunti za GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi kazi za Git, humaliza kipindi kwenye nywila na barua pepe za uthibitisho, na wanafunzi hutoka wakiamini Git ni mahali pa kupakia kazi siku ya kukusanya.

Kila mmoja afungue folda tupu, aandike `git init`, aunde faili moja la maandishi, tuseme orodha ya bei za mgahawa, kisha `git add` na `git commit`. Hiyo ni komiti: hali ya kazi iliyohifadhiwa kwenye historia. Abadilishe bei ya chapati, akomiti tena. Aongeze maharage, akomiti mara ya tatu. Hapo nenda ubaoni uchore miduara mitatu yenye mishale inayorudi nyuma, maana kila komiti inaijua iliyoitangulia na haina habari na itakayofuata. Usiendelee mpaka kila mtu aweze kuuchora mchoro huo mwenyewe. Aliyeuelewa ataona kila amri mpya ni jambo fulani linalofanyika kwenye miduara. Asiyeuelewa atakariri amri nne, na siku ya tano ikihitajika ataomba msaada kwenye kundi la WhatsApp, ambako atapewa amri ya kumharibia kazi.

Kisha wafungue kwa Notepad faili lililo ndani ya `.git/refs/heads` (`.git` ni folda iliyofichwa iliyoundwa na `git init`), liitwalo `main` au `master` kutegemea kompyuta ilivyopangwa. Watakuta herufi na tarakimu 40, kitambulisho cha komiti moja, basi. Tawi, yaani jina linaloelekeza kwenye komiti ya mwisho ya mfululizo mmoja wa kazi, zima ndilo hilo. Vitabu vingi hutumia kurasa kadhaa kueleza matawi, na wanafunzi bado huyaogopa kwa sababu hawajawahi kuliona moja.

Wiki ya pili chukua flashi, utengeneze ndani yake ripo, yaani hazina ya mradi pamoja na historia yake, kwa `git init --bare`. Wakloni (wanakili ripo nzima) kutoka kwenye flashi na kupushi (kupeleka komiti zao) humo humo. Hiyo ndiyo seva yenu. GitHub ingoje wiki ya tatu.

Na ombi moja ambalo hukuliuliza: fundisha `git switch` ya kubadili tawi na `git restore` ya kurudisha faili lilivyokuwa, zilizokuja na toleo la 2.23 mwaka 2019. Kumpa mgeni `git checkout`, ambayo amri hiyo hiyo hubadili tawi na pia hufuta mabadiliko ya faili bila kuuliza, ni kumtegea mtego. Maelezo mengi ya mtandaoni bado yanaitumia kwa sababu waandishi wanarithishana mifano ya zamani.

Git na GitHub ni kitu kimoja? (Wengi, tena)

Hapana. Git ni programu iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, nayo iko kwenye kompyuta yako. GitHub ni huduma ya kuhifadhi ripo, ilianza 2008, na tangu 2018 ni mali ya Microsoft. Swali hili sitalijibu tena mwaka huu.

Nilipopushi nikaandikiwa "rejected". Rafiki akanipa `git push --force`, ikakubali. Sasa mwenzangu anasema kazi yake haipo. (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma)

Anasema kweli. Mashine haikuwa inakukatalia kwa ukaidi. Ilikuwa inakuambia kwamba kwenye ripo ya pamoja kuna komiti ambazo wewe huna. Ulitakiwa uvute kwa `git pull`, usome kilichokuja, uunganishe, ndipo upushi. Badala yake umeiamuru seva iachane na komiti za mwenzako ishike zako.

Bahati yenu ni jinsi Git ilivyoundwa. Torvalds aliiandika baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya kibiashara ya kazi kama hii, na akahakikisha kila anayekloni anabaki na historia nzima kwenye mashine yake. Kwa hiyo komiti za mwenzako bado ziko kwenye laptopu yake. Mwambie asifute folda. Afungue tawi papo hapo alipo kwa `git switch -c uokoaji`, apushi tawi hilo, kisha mkae pamoja mziunganishe kazi zenu. Ikiwa ameshahangaika mpaka komiti zimempotea, `git reflog` itamwonyesha kila alikopita. Kwa kawaida Git hutunza kumbukumbu hiyo kwa siku 90, au 30 kwa komiti ambazo hakuna tawi linalozifikia, kwa hiyo asichelewe.

Sasa kuhusu rafiki yako. Anayemfundisha mtu `--force` kabla ya kumfundisha `git fetch`, inayoleta komiti za wenzako bila kugusa kazi yako, asisogezwe karibu na wanaoanza. Na aliyefungua ripo ya kikundi naye ana lake la kujibu, maana GitHub na GitLab, huduma nyingine kama hiyo, zote zina mpangilio wa kulinda tawi kuu lisipushiwe kwa nguvu. Wachache huuwasha kabla ya msiba. Kama kweli unalazimika kuandika upya historia, fanya hivyo kwenye tawi lako mwenyewe na utumie `--force-with-lease`, ambayo hukataa ikiwa kuna mtu amepushi baada ya mara ya mwisho ulipovuta.

Nikipata mgongano huwa nafuta folda nzima na kukloni upya. Kuna ubaya? (Mwanza)

Unatupa kazi yako kila mara, ndugu yangu. Mgongano maana yake watu wawili wamegusa mistari ile ile na Git haithubutu kuchagua kwa niaba yenu. Kilicho kati ya `<<<<<<<` na `=======` ni chako, kilicho chini yake mpaka `>>>>>>>` ni cha mwenzako. Andika mistari inavyopaswa kuwa, futa alama zote tatu, `git add`, `git commit`. Kama hujui mwenzako alikusudia nini, mpigie simu. Hakuna amri ya hilo.

Walimu: tengenezeni mgongano darasani kwa makusudi, wiki ile ile ya flashi. Wawili wabadilishe bei ya chapati kwa pamoja. Mwanafunzi anayekutana na alama hizo kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi ameangushwa na mwalimu wake.

Nilipushi funguo za Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa) kwenye ripo ya wazi. Nimefuta faili na kukomiti tena. Niko salama? (Mombasa)

Huko salama hata kidogo. Kwenye miduara yetu, umeongeza mduara mpya usio na faili hilo. Mduara wa jana unalo, na yeyote mwenye ripo anaweza kuufungua. Ingia kwenye akaunti yako ya Safaricom sasa hivi ubatilishe funguo hizo na utoe mpya, kabla hata ya kumaliza kusoma jibu hili. Kuna programu zinazochungulia ripo za wazi muda wote zikitafuta vitu kama hivyo, kwa hiyo chukulia kwamba zimeshachukuliwa.

Usafi wa historia unakuja baadaye, kwa `git filter-repo`, na kila mwenye nakala itabidi akloni upya. Wengi hukimbilia usafi kwanza kwa sababu ya aibu, huku funguo zikiendelea kufanya kazi.

Jingine ambalo najua unakaribia kuliuliza: kuandika `.env`, faili la kuwekea siri kama hizo, kwenye `.gitignore`, orodha ya faili ambazo Git izipuuze, hakusaidii faili ambalo Git tayari inalifuatilia. Litoe kwanza kwa `git rm --cached .env`. Faili la `.gitignore` linatakiwa liwe ndani ya komiti ya kwanza kabisa ya mradi. Mifano mingi ya kuunganisha M-Pesa inayosambaa mtandaoni ina funguo zimeandikwa ndani ya msimbo wenyewe, na wanaoanza wanaiga kila kitu, pamoja na hilo.

Natoa maksi za mradi wa kikundi kwa kuhesabu komiti za kila mwanafunzi. Naona ni haki. (Mhadhiri, Nairobi)

Mheshimiwa, wanafunzi wako wanakomiti nukta. Mmoja anaongeza nafasi tupu mara 30, mwingine aliyekaa siku mbili kurekebisha kosa gumu ana komiti moja. Na jina la mwandishi wa komiti si ushahidi, kwa sababu `git config user.name` hukubali jina lolote, hata lako. Mwanafunzi mmoja mwenye laptopu nzuri anaweza kuandika mradi mzima na kugawa majina kama zawadi.

Chagua komiti moja ya kila mwanafunzi, umwite, umwambie aeleze ilibadilisha nini na kwa nini. Dakika tano zinatosha kumjua. Pia dai kwamba hakuna kinachoingia tawi kuu bila mwenzake kukisoma na kuandika maoni, halafu toa maksi kwa maoni hayo. Ukiwa na wanafunzi 200 utasema muda hautoshi. Basi afadhali uache kuhesabu, kuliko kuwafundisha ulaghai.

Ujumbe wa komiti niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? (Kisumu)

Kwa lugha ambayo kikundi chako kinasoma. Mradi wa nje kama OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, unataka Kiingereza. Wa darasani, "Zuia malipo ya shilingi sifuri" unashinda "update" ya lugha yoyote.

Video yangu ya MB 300 inakataa kupanda GitHub. (Hakusema alipo)

Kikomo ni MB 100 kwa faili. Kuifuta kwenye komiti inayofuata hakutasaidia. Rudia jibu la Mombasa, pale pa usafi wa historia.

Git inatosha kuwa nakala ya akiba? (Arusha)

Inatosha kwa ulichokikomiti na ulichokipushi mahali pengine. Hifadhidata yako haimo. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata yao kuu, na ndipo wakagundua kwamba njia zao za akiba hazikuwa zikifanya kazi. Ripo za watu zilipona. Maoni, akaunti na taarifa nyingine za takriban saa sita hazikurudi. Jaribu kurejesha nakala zako leo, ungali na utulivu.

Sina laptopu, nina simu ya Android. Nisubiri? (Bukoba)

Usisubiri, dada. Chukua Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android, andika `pkg install git`, na somo lote la Morogoro hapo juu utalifanya kwenye simu. Komiti kwa `git commit -m` ili usifunguliwe kihariri. Ikikutupa ndani ya kihariri kiitwacho vi, gusa Esc kwenye safu iliyo juu ya kibodi, kisha `:q!`. Na swali la namna ya kutoka vi msiniletee tena.