Thrasta ya omo inakata ikiingia delta: je, mota imekufa?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi umeme msaidizi kwenye meli ya mizigo inayopita Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Thrasta yetu ya omo, ile propela ya mbele inayosukuma meli kando, ina mota ya kilowati 250, volti 440, hezi 60. Inawashwa kwa sta-delta, yaani inaanza kwa volti ndogo kwenye sta kisha inahamia delta yenye volti kamili, na propela yake ni ya kugeuza pembe ya mapanga. Kwenye sta inapanda vizuri. Ikiingia delta inanguruma kizito, na baada ya sekunde chache ovaloodi (kinga ya mkondo kuzidi) inakata. Siku nyingine inafanya kazi bila shida. Nimepima insulesheni ya koili kwa megga nikapata megaomu 0.8. Chifu injinia anasema mota ing'olewe ikawaindiwe upya, yaani isukwe koili mpya. Ni kweli imekufa?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Mota hiyo isiguswe kwanza. Una matatizo mawili yaliyokutana siku moja, na hilo la megga silo linalokata ovaloodi. Piga hesabu: kutoka fezi hadi ethi kuna kama volti 254. Gawa kwa megaomu 0.8, unapata karibu theluthi moja ya miliampia. Ovaloodi ya mota inayokula ampia kama 410 haiwezi kuhisi kitu kidogo namna hiyo.

Kinachonishtua zaidi ni huo mngurumo wa delta. Kwenye sta, kontakta (swichi ya sumaku) kuu na ya sta ndizo zinazofanya kazi, na umesema inapanda vizuri. Ikihamia delta, kitu kipya kilichoingia ni kontakta ya delta. Ncha yake moja ikiwa imeliwa, koili moja ya mota inabaki bila umeme na mbili zinabeba mzigo wote. Ndiyo maana leo inakataa na kesho inakubali: ncha iliyochoka hushika siku moja na kuachia siku nyingine.

Thibitisha kwa klempu mita, ile inayokumbatia waya na kusoma ampia. Mota ya sta-delta ina nyaya sita. Pima kila mmoja mara tu delta inapoingia, na kama una klempu moja tu, rudia kuwasha baada ya mota kupoa, maana kuiwasha mfululizo kunaipika. Ukikuta U1 na U2 (nyaya mbili za koili moja) zote hazina kitu huku nyingine zinasoma, koili ya U haipati umeme na kosa liko kwenye njia yake, mara nyingi ncha ya kontakta au lagi (kichwa cha waya) iliyolegea. Ikiwa zote sita zinalingana lakini ziko juu, geukia mapanga. Nenda chini ukaangalie kielekezo kilicho kwenye thrasta yenyewe, usiamini mita ya daraja, chumba cha kuongozea meli, peke yake. Potenshiomita, kifaa kinachorudisha ishara ya pembe ya mapanga, ikihama, daraja linaonyesha sifuri wakati mapanga yameshakamata maji.

Kontakta ukiifungua, ncha kuwa nyeusi si ugonjwa. Ugonjwa ni fedha iliyoliwa hadi kibebeo chake cha chini kuonekana, au chemchemi iliyolegea. Usizipige tupa, badilisha zote tatu kwa pamoja. Angalia pia ovaloodi ilipofungwa. Ikiwa iko kwenye nyaya za koili, inasetiwa kwa 0.58 ya mkondo wa mota, yaani kama ampia 238. Nakusihi usiipandishe ili ivumilie. Ukifanya hivyo ndipo utaichoma mota kweli.

Sasa megga. Chumba cha thrasta kiko chini kabisa mbele, baridi na unyevu wa chumvi, na mota inakaa siku nyingi bila kuzunguka. Swali la kwanza: hita ya ndani ya mota inawaka mota ikisimama? Mara nyingi breka yake ndogo imekata zamani na hakuna aliyeangalia. Fungua kebo kwenye mota, upime mota peke yake na kebo peke yake, kwa megga ya volti 500, dakika moja. Kabla ya hapo toa nyaya za thamista (vihisi joto vya koili), kwa sababu volti 500 zinaziua. Ukimaliza, unganisha koili na ethi kwa dakika nne au zaidi, chaji itoke.

Ikiwa ni mota yenye unyevu, kausha kwa hewa ya moto, polepole, koili isivuke nyuzi 80. Usiogope megga ikishuka saa za mwanzo. Kwa kawaida inashuka mota inapopata joto, kisha inapanda unyevu ukitoka. Lenga angalau megaomu 5 koili ikiwa nyuzi 40. Ikigoma baada ya kukauka vizuri, au upinzani wa koili tatu ukitofautiana waziwazi kwenye mita ya miliomu, hapo chifu ana haki na mota ikawaindiwe.

Kabla ya kushuka, zima breka na uipige kufuli, weka kibao chako, pima umeme haupo. Kile ni chumba kilichofungwa: hewa ipimwe, na mtu abaki mlangoni. Mafundi wazuri wamekufa kwenye vyumba kama hivyo bila umeme kuwagusa.

Na leo hii mwambie nahodha kwamba thrasta si ya kutegemea, aombe tagi (boti ya kuvuta meli) kabla ya kuingia gatini, mpaka utakaponiandikia ampia za nyaya zote sita.