Jibu: Nimeajiriwa, nihame nyumbani mwezi huu?

Mdogo wangu, hongera kwa ajira. Unasema unaona aibu kula ugali wa mama ukiwa na digrii. Aibu weka pembeni, piga hesabu. Kwa kuwa ulisoma kwa mkopo, HESLB (Bodi ya Mikopo) wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hapo bado NSSF (akiba ya uzeeni) na PAYE (kodi ya mapato). Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye ya mwezi mmoja. Halafu godoro, ndoo, mtungi wa gesi... Kaa kwenu mpaka hiyo kodi ya nyumba iwe benki, ila umeme na unga changia. Ukihama, tafuta chumba karibu na kazini. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, zinakausha mfuko kuliko kodi yenyewe.