Ukikausha mninga Dodoma, ukinge na upepo

Mbao zangu za kwanza za mninga nilizinunua mbichi mwezi wa Julai, nikaziegemeza ukutani uani, pale pale upepo unapopiga. Baada ya wiki 6 zilikuwa nyepesi, nikafurahi. Nilipozigeuza niliona zimepasuka kuanzia nchani, nyingine karibu futi nzima. Katika mbao 10 nilipata 4 za kutumia. Iliniuma, maana mti ule huchukua miaka mingi mno kukomaa.

Anayekausha mbao Tanga anahangaika na ukungu. Sisi huku mvua ikikatika mwezi wa nne, hadi Novemba ni jua na upepo mkavu. Maji hutokea nchani upesi kuliko ubavuni, kwa kuwa mishipa iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai imebaki wazi pale. Ncha inasinyaa, katikati bado kubichi, basi ubao unapasuka.

Kwa hiyo siku mbao zinapofika (na risiti na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu mkononi), paka ncha zote rangi ya mafuta, mikono 2. Usingoje kesho. Kisha zipange kivulini juu ya matofali, futi moja na nusu kutoka ardhini. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya inchi moja, kila baada ya futi 2, kijiti juu ya kijiti kwa mstari ulionyooka. Vikipishana, mbao zitapinda. Juu weka bati na mawe mazito. Upande wa upepo mimi huning'iniza magunia kwa miezi 2 ya mwanzo. Turubai la kufunika kote sishauri, linafungia unyevu ndani.

Mchwa wa huku mnawajua: kagua matofali kila wiki, ukiona njia ya udongo ikwangue. Kiini cha mninga kinastahimili, ule weupe wa pembeni hauponi.

Mafundi wengi husema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mimi naamini mizani. Chagua ubao mmoja, upime kila mwezi, andika uzito kwa chaki ubavuni. Usipopungua tena miezi 2 mfululizo, ziingize ndani zikae wiki 2 au 3 kabla ya kuranda.

Mara ya pili nilikausha mbao 12. Ulipasuka mmoja tu, ule niliousahau kuupaka rangi ncha moja.